Stesheni Yenu Haifanani Tena na Yetu

Nyumba ya fundi meno,
nyuma ya ghala la magunia.

Kwa Meneja wa Majengo na Njia,
Shirika la Reli.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KURUDISHWA STESHENI KAMA ILIVYOKUWA

Kabla ya yote naomba radhi kwa alama ya kidole iliyoko kwenye kona ya karatasi hii. Ni gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, na haitoki. Nimeandika upya mara mbili, na mara zote mbili kidole kimerudi palepale. Natumaini ofisi yako ni tulivu na feni inazunguka.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Hakuwa daktari, daktari alikuwa anang'oa, yeye alikuwa anajaza. Ukimwona mzee yeyote mtaani kwetu anacheka wazi bila kuziba mdomo kwa mkono, huenda ni kazi yake. Hata jino langu la mbele, la juu kushoto, alinitengenezea yeye kabla hatujaoana. Alisema zawadi nyingine husahaulika kwenye droo, lakini hii nitatembea nayo. Ni rangi namba mbili.

Namba hiyo nimeitaja kwa sababu. Mafundi meno wana kadi yenye safu ya vijino kumi na sita, kuanzia cheupe kabisa mpaka cha kahawia, ili kulinganisha rangi ya jino jipya na ya majirani zake mdomoni. Kadi ya mume wangu bado ninayo. Ipo kwenye mfuko wa aproni yangu, hata sasa ninapoandika.

Miaka kumi na minne iliyopita, binti yetu alipoolewa na chumba chake kikabaki kitupu, mume wangu aliingiza humo meza mbili, akaziunganisha, akaanza kujenga reli. Haikuwa ya kuchezea, Ndugu Meneja. Alijenga reli yenu. Stesheni hii ya mjini kwetu, daraja la chuma, mlima wenye handaki, na njia inayozunguka mpaka inarudi ilikotoka, kila kitu kikiwa kidogo mara themanini na saba kuliko chenu. Mlima ni plasta ileile aliyokuwa anapimia mataya ya watu. Aliuchonga kwa vifaa vya kukwangulia meno, ndiyo maana majabali yetu, ukiyainamia vizuri, yana sura ya magego. Vichaka vyenye maua ni vumbi la plastiki ya ufizi, ile ya waridi ya kushikilia meno ya bandia.

Mimi nilikuwa mshonaji wa sare za shule. Kwa hiyo majani yote ya mezani ni nyuzi zangu, na kokoto ni kazi yangu tangu mwanzo. Unaponda mawe laini, unachekecha kwa chujio la chai, unamwaga katikati ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, unasambaza kwa brashi ndogo, unalowesha kwa maji yenye tone la sabuni, halafu unadondosha gundi tone kwa tone kwa kitonesha dawa ya macho. Ukiharakisha, kokoto zinaelea na mataruma yanabaki uchi. Mume wangu alikuwa na mikono mizuri, lakini kwenye kokoto alikuwa ananipisha.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, uchafu ndio ukweli: reli isiyo na kutu ubavuni na stesheni isiyo na doa la mafuta ni picha ya kalenda tu. Ya pili, pima kwanza, bandika baadaye. Ndiyo maana kila Jumamosi tulikuja kwenu na futi kamba, daftari na kadi ya meno. Yeye alipima, mimi niliandika.

Alifariki miezi minane iliyopita. Wiki moja kabla ya kulazwa aling'oa reli zote za mbele ya stesheni, urefu wa mkono mmoja hivi, akalibandua jengo la stesheni kutoka kwenye gundi yake, akaliweka pembeni juu ya kitambaa safi. Nilimuuliza kwa nini anabomoa kazi nzuri. Akasema, "Hapa tusibandike kwanza." Nilidhani amechoka. Hospitalini, siku mbili za mwisho, hakuuliza habari za figo zake. Aliuliza habari za reli. "Utaimalizia?" Nikamwambia nitaimalizia. "Kama ilivyo?" Nikamwambia kama ilivyo, mzee wangu. Ndiyo ahadi pekee aliyoniomba katika miaka thelathini na sita, ukiondoa ile ya siku ya kwanza.

Tangu hapo treni yetu imesimama mdomoni mwa handaki, injini na mabehewa manne. Haiwezi kuzunguka kwa sababu mbele yake hakuna reli. Nikiingia kufagia, naipisha kama mtu aliyepanga foleni mbele yangu. Binti yangu ananiambia kwenye simu, "Mama, si ubandike chochote tu, nani atajua?" Nitajua mimi. Na baba yake, popote alipo, atajua wa kwanza.

Wiki mbili zilizopita, nilipopata nguvu, nilikuja stesheni na futi kamba ili nipime mara ya mwisho kisha nibandike. Ndugu Meneja, stesheni sikuikuta. Nilikuta nyingine imesimama mahali pake.

Naomba nieleweke. Sijaja kulalamikia huduma mbovu. Barua za namna hiyo nadhani mnazo kabati zima. Mimi nalalamikia huduma nzuri, tena iliyokuja bila taarifa. Kwa miaka kumi na mitatu na zaidi mlitulea vizuri sana. Hakuna kinachomsaidia mtu anayejenga mfano kama shirika lisilogusa kitu. Tulipima ufa wa ukuta mwaka mmoja, tukauchonga mwaka uliofuata, tukarudi mwaka wa tatu kuhakiki, tukaukuta palepale, haujazibwa wala haujaongezeka. Nasikia wajenzi wa mifano wa kwingine wanapata taabu kwa sababu mashirika yao hukarabati. Sisi tulikuwa na bahati, na tulijua. Mume wangu alizoea kusema kwamba shirika lenu limekaa vizuri kwa kupigwa picha.

Sasa mmetikisika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Benchi. Chini ya saa palikuwa na benchi la mbao tano, ya nne haipo, na mwisho wake wa kushoto palikuwa na msumari uliochomoza nusu kidole. Mmeliondoa. Mmeweka viti vitano vya chuma, vyenye migongo na mahali pa kuegemeza mikono, kana kwamba watu huja stesheni kustarehe.

Huenda hamjui mlichokiondoa. Miaka thelathini na saba iliyopita nilikaa mwisho huo wa kushoto nikisubiri treni iliyochelewa saa nne nzima. Ilipofika niliinuka kwa pupa, na gauni langu jekundu likabaki na msumari. Mwanaume mmoja aliyekuwa amepakata sanduku la meno akasimama, akavua koti, akanipa nijifunge kiunoni, akasema, "Usijali dada, kazi yangu ni kuziba mapengo." Maneno ya kijinga kabisa. Nilicheka huku nimeziba mdomo kwa mkono, kwa maana jino la mbele sikuwa nalo, na yeye mkono ule akauona.

Benchi letu la mezani lina urefu wa sentimita mbili na kidogo. Msumari wake ni ncha ya sindano yangu. Tulivunja sindano tatu kabla ya kupata ncha inayofaa. Kwenye ncha hiyo unaning'inia uzi mwekundu mfupi kuliko ukope. Sasa uzi huo niutundike wapi? Viti vyenu havina hata kona.

Stesheni masta wenu, mwanamke wa rika la binti yangu, mwenye filimbi shingoni, alinikuta nimechuchumaa na futi kamba. "Mama, unapima nini?" Nikamwambia napima benchi. "Benchi halipo, mama." Nikamwambia, "Naona. Napima lilipokuwa." Akaniletea maji ya kunywa na kuniomba nikae kwenye kiti. Maji nilikunywa. Kwenye kiti sikukaa, na sitakaa.

2. Rangi. Ukuta wenu ulikuwa namba kumi na nne kwenye kadi, ambayo mume wangu aliiita jino la mvuta sigara aliyeacha akachelewa. Ilituchukua miezi mitatu kuipata. Tulichanganya chokaa, majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili na vumbi la chaki, tukaongeza masizi kidogo chini ya madirisha, mahali abiria wanapoegemea vichwa. Kazi ya miezi mitatu mmeifuta kwa ndoo nne.

Fundi rangi alikuwa bado juu ya ngazi akimalizia dirisha la mwisho. Akaona kadi mkononi mwangu. "Shikamoo mama. Unataka kuung'oa ukuta?" Nikamwambia ningekuwa na koleo ningeanza na rangi yake. Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Usinilaumu mimi, mama yangu. Nililetewa sampuli nikaambiwa fananisha. Na sampuli yenyewe, mh! Nikikwambia hutaamini." Sikumuuliza. Wala sikuuwekea ukuta huo kadi yangu, kwa sababu kuupima ni sawa na kuukubali.

3. Saa. Kwa miaka kumi na tisa saa ya jukwaani ilisimama saa kumi na dakika ishirini alasiri. Ninyi mliiona ni saa mbovu. Sisi tuliiona ni maelekezo. Mume wangu aliuliza swali ambalo wahandisi wenu hawajawahi kujiuliza: kama hapa ni saa kumi na dakika ishirini, jua liko wapi? Akafunga taa moja juu ya kabati la nguo, upande wa magharibi wa chumba, akaipandisha na kuishusha wiki nzima mpaka vivuli vikalala inavyopasa. Kila kivuli cha mezani kimepakwa rangi kufuata taa hiyo: kivuli cha daraja, cha nguzo za simu, cha mlima, hata cha kuku mmoja aliye nyuma ya choo cha abiria. Ni vivuli mia mbili na sita. Nilivihesabu mwenyewe wakati yeye akivipaka.

Sasa saa yenu inatembea. Nilisimama chini yake nikaiona ikisogea waziwazi mbele za watu. Ndugu Meneja, mnanitaka nilihamishe jua?

4. Njia yenyewe. Mmeng'oa majani yote yaliyokuwa yameota katikati ya reli na kumwaga kokoto mpya, nyeupe, zote za ukubwa mmoja. Nimekwisha kueleza kwamba kokoto na majani ni idara yangu, kwa hiyo hili nimelichukulia kama tusi binafsi. Nilikuwa na mashina mia tatu na kumi na mawili ya nyuzi za kijani, kijani cha sare ya darasa la nne, kila moja limefungwa fundo na kukatwa kwa mkasi wa kucha. Nilikuwa nashuka jukwaani mwenyewe kuchuma shina moja moja la mfano, mume wangu akinishika mkono na kugeuka kuangalia handaki. Na lile doa la mafuta lenye umbo la kiatu, lililokuwa hatua tisa kutoka kwenye bomba la maji, liko wapi? Doa lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wafanyakazi wenu.

5. Treni kufika kwa wakati. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo zito, na nilitaka msome mkiwa mmeshakaa chini.

Jukwaani kwetu tuna abiria kumi na wanane. Mume wangu aliwachonga kwa nta, akawamimina kwa plastiki ya ufizi, ndiyo maana wote wana shingo za waridi kidogo. Wote kumi na wanane wanasubiri. Yupo aliyelala juu ya begi. Yupo aliyevua viatu. Yupo mama anayesuka nywele za mwanawe, na amefika nusu ya kichwa. Wapo wawili wanaogombania gazeti ambalo kila mmoja ameshalisoma. Yupo mmoja amekata tamaa kabisa. Huyo ndiye ambaye mume wangu alimjivunia kuliko wote, kwa jinsi mabega yake yalivyotoka yamelegea. Na mwisho wa kushoto wa benchi yupo mwanamke wa gauni jekundu, na pembeni yake mtu mwenye sanduku.

Hawa ni watu wa stesheni ambayo treni huchelewa. Hapakuwa na namna nyingine ya wao kufahamiana. Ile treni ya saa nne za kuchelewa ingefika kwa wakati, mimi leo ningekuwa mjane wa mtu mwingine. Hata Jumamosi zetu zilitegemea uzembe wenu. Tulipata saa mbili au tatu za kupima kwa utulivu, na kila mara mume wangu aliniacha benchini akaenda dirishani kuulizia kama treni iko njiani, akakaa huko muda mrefu, akarudi akiwa mchangamfu kuliko alivyokwenda.

Jumamosi iliyopita treni yenu ilifika dakika mbili kabla. Abiria walikuwa wamesimama, mabegi mkononi. Walipanda. Jukwaa likabaki tupu kama ubao uliofutwa. Hakuna aliyevua kiatu. Hakuna aliyemjua mwenzake.

Baada ya kutafakari kwa siku nyingi, naona kuna suluhisho moja la haki. Kati ya stesheni mbili zisizofanana, moja lazima ibadilike. Yetu imejengwa na watu wawili kwa miaka kumi na minne, na mmoja wao hayupo. Yenu, kwa ushahidi wa mlinzi wa geti, imekarabatiwa na mafundi ishirini na mmoja kwa wiki sita. Ni wazi kwamba ninyi mnaweza kubadilika haraka kuliko mimi. Isitoshe, ninyi ni wakubwa mara themanini na saba. Mkubwa ndiye anayeinama kumsikiliza mdogo.

Kwa hiyo naomba benchi lirudishwe, na msumari wake upande wa kushoto. Kama msumari wa awali umepotea, nitatoa wangu. Naomba ukuta uchafuliwe. Najua uchafu wa kweli huchukua muda, kwa hiyo niko tayari kuja na majani ya chai na brashi, mkinipa ngazi na mtu wa kuishika. Naomba saa isimamishwe; kazi hiyo haihitaji fundi, ni kutoa betri tu. Majani yapandwe kwa kufuata mchoro nitakaouleta, na hatua tisa kutoka kwenye bomba mtu amwage mafuta kwa uangalifu. Naomba pia treni ya Jumamosi ichelewe si chini ya saa mbili. Sidai iharibike. Dereva anaweza kuisimamisha tu mdomoni mwa handaki na kupumzika, kama afanyavyo wetu.

Kama Shirika litaona maombi haya ni mazito, lipo jambo jepesi zaidi. Litoe tangazo rasmi, lenye mhuri, kwamba stesheni ya kweli ni ile iliyo chumbani kwangu, na kwamba hiyo yenu ni mfano tu, tena uliozidi vipimo. Tangazo hilo likitoka nitakuwa nimetimiza ahadi bila kubandua kitu. Nitabandika jengo letu na benchi lake, nitaunganisha reli, na treni itazunguka. Wakaguzi wenu watakaribishwa chumbani siku yoyote, ila wavue viatu na wasiegemee mlima.

Nawasalimu wote ofisini. Msalimie karani wako atakayefungua bahasha hii na kunusa gundi. Msalimie mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kutudai tiketi ya jukwaani. Msalimie dereva wa treni ya Jumamosi, pamoja na kwamba amenikosea. Fundi rangi naye msalimie, umwambie ashuke ngazi kwa makini.

Ni mimi, ninayengoja jibu nikiwa nimewasha taa ya saa kumi na dakika ishirini,

Mjane wa Fundi Meno

Nakala: Fundi saa. Fundi rangi. Dereva.

Nyongeza:

Naandika hapa stesheni, nyuma ya karatasi yangu mwenyewe, kwa kalamu ya kuazima. Nisamehe mwandiko.

Barua hii niliileta dirishani ili igongwe mhuri wa kupokelewa. Stesheni masta aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye meno akaniangalia. "Mama, mzee alikuwa anakuja Jumamosi? Mwenye kadi ya meno?" Nikamwambia ndiye. Mhuri hakugonga. Alifungua kabati akatoa faili la kijani ambalo juu yake mtu ameandika kwa kalamu nzito: MZEE WA MENO. "Nililikuta hapa nilipohamia," akasema. "Ukarabati wote umetoka humu. Mimi nilisukuma tu."

Ndani mna barua saba za mume wangu, za miaka sita. Ni mwandiko wake, ule unaolalia kulia kama mtu aliyeegemea dirisha. Kumbe siku zote hakuwa anaulizia treni.

Ya kwanza inahusu benchi. "Mke wangu hukaa upande wenye msumari kila tukija, anasema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Kumbukumbu ninayo mimi. Magauni yake yanaisha. Naomba viti vyenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono, maana siku hizi akiinuka anashika kiuno na hataki nimwone." Ya nne inaomba majani yang'olewe kabla sijaanguka relini nikiyachuma. Ya sita ni ya ratiba, na ina maneno makali kidogo ambayo sikujua anayajua. Ya tatu inaomba saa itengenezwe. "Tumezoea mno kwamba hapa ni saa kumi na dakika ishirini. Nitakapoondoka naogopa mke wangu atabaki kwenye saa hiyo."

Ya pili imebanwa pamoja na kimfuko cha karatasi. Ndani kuna jino moja la bandia, la mbele, la juu kushoto, pacha wa langu. "Rangi ya ukuta naomba ifanane na hili. Nimelitazama miaka thelathini na sijalichoka." Nilitoka nje na kadi yangu. Ndugu Meneja, stesheni yenu nzima, kuanzia ofisi ya mizigo mpaka choo cha abiria, ni namba mbili.

Ya saba ina tarehe ya wiki ile kabla ya kulazwa. "Nimeng'oa reli za mbele ya stesheni yangu na jengo sijalibandika. Siku mtakapobadilisha kwenu, na kwetu tutabadilisha. Huenda nisiwepo. Msihofu, mwenye mkono wa kokoto ni mke wangu. Atalalamika kwanza."

Kwa hiyo naomba barua yangu isifanyiwe kazi. Maombi yote nayafuta, na lile la tangazo nalifuta mara mbili. Libaki lalamiko moja tu, kwamba mlimjibu miezi minane baada ya yeye kuondoka. Barua hii naomba iwekwe kwenye faili la kijani, baada ya ile ya saba.

Leo nikifika nyumbani nitazima ile taa ya juu ya kabati na kufungua dirisha. Abiria kumi na sita nitawasimamisha. Wawili nitawaacha wamekaa. Fundi rangi amenipa kikombe kimoja kilichobaki kwenye ndoo, kinatosha stesheni yangu na kuzidi. Kokoto nyeupe nitaponda mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja, ambacho naomba karani wako anitumie: urefu wa viti vipya, kutoka sakafuni mpaka mahali pa kuegemeza mikono. Futi kamba nilikuja nayo, lakini sikupima. Nilikuwa nimekaa.